Kibaya Chajitembeza: Viungo na Heshima ya Ukurasa Mtandaoni

Novemba 1997, injini nne kubwa za utafutaji za kibiashara zilipewa swali ambalo hata mtoto hakosi jibu lake: jina lako nani? Ukiandika jina la injini ndani ya injini hiyohiyo, ungetarajia ukurasa wake utokee angalau katika matokeo kumi ya mwanzo. Katika zile nne, ni moja tu iliyojipata. Waliolieleza jambo hilo ni wanafunzi wawili wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Sergey Brin na Lawrence Page, katika andiko waliloliwasilisha Brisbane, Australia, Aprili 1998. Andiko hilo ndilo lililoutangazia ulimwengu wa wataalamu injini yao mpya, Google.

Uchache wa kurasa haukuwa sababu. Injini ya AltaVista, iliyofunguliwa Desemba 1995, ilikuwa na mamilioni ya kurasa ghalani. Shida ilikuwa kuzipanga. Injini za wakati ule zilipima ukurasa kwa kuutazama wenyewe: neno linalotafutwa limetokea mara ngapi, limo kwenye kichwa au halimo, liko juu au chini. Kila ukurasa ulikuwa shahidi wa nafsi yake. Mwenye ukurasa alipojua kwamba anapimwa hivyo, hakukawia kulirudia neno moja mara mamia, tena kwa herufi nyeupe juu ya nyeupe, msomaji asilione lakini mashine ilisome. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandao wa miaka ile ulimpa sikio anayejitembeza.

Page na Brin waliamua kutouliza ukurasa habari zake wenyewe. Waliwauliza majirani, na jibu la majirani lilikuwa tayari limeandikwa: viungo. Kiungo ni neno au picha ambayo ukiibofya inakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Mwandishi hukiweka kwa hiari yake, na akikiweka anakubali msomaji wake aondoke akasome kwa mtu mwingine. Hakuna anayemfungulia mgeni wake mlango wa jirani bila sababu. Kwa hiyo kila kiungo kinabeba kauli ndogo: huko kuna kitu cha kuangalia. Ukizikusanya kauli hizo kwa mamilioni, unapata ushahidi ambao hakuna tume ingeweza kuukusanya.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1873 Frank Shepard wa Illinois alianza kuwachapishia mawakili orodha zilizoonyesha hukumu ipi imetajwa na hukumu zipi za baadaye, kwa sababu hukumu inayotajwa na majaji wengi ina nguvu mahakamani. Eugene Garfield aliichukua njia hiyo akaipeleka kwenye sayansi: alilitoa pendekezo lake mwaka 1955, na mwaka 1964 akachapa faharasa ya kisayansi iliyoonyesha nani amemtaja nani. Mwaka 1976 Gabriel Pinski na Francis Narin wakaongeza jambo lililokuwa limekosekana. Walisema kutajwa na jarida lenye heshima kusihesabiwe sawa na kutajwa na jarida lolote tu.

Tofauti hiyo haiwezi kumshangaza msomaji wa pwani yetu aliyekaa darasani kwa mwalimu wa hadithi. Idadi ya wapokezi ina uzito wake, lakini swali la kwanza ni: huyu aliyepokea ni nani, na alimpokea nani? Anaijua pia aliyewahi kukopa kwenye chama cha kuweka na kukopa. Mdhamini anayeheshimika akikusimamia wewe peke yako, neno lake ni zito. Mtu huyohuyo akiwa amewadhamini watu kumi na tano mwaka huohuo, kamati itaanza kujiuliza. Mambo hayo mawili, heshima ya anayeshuhudia na idadi ya watu anaowashuhudia, ndiyo moyo wa kipimo ambacho Page alikiita PageRank.

Hesabu yake inafuatika. Chukua kurasa tatu, A, B na C. A ina kiungo kwenda B na kingine kwenda C. B ina kiungo kimoja tu, kwenda C. C nayo ina kimoja, kwenda A. Tuna alama 100 za kugawana. Kwanza kila ukurasa unapewa sawa, 33.3. Kisha katika kila raundi kila ukurasa unatoa alama zake kwa kurasa unazozielekea, ukizigawa sawasawa kwa idadi ya viungo vyake. Asilimia 15 ya alama zote hukatwa kabla ya mgawo huo, zikatiwa kwenye kapu na kugawiwa wote kwa usawa, ambapo hapa kila ukurasa unapata 5. Baada ya raundi ya kwanza C inaruka hadi 47.5, kwa kuwa imepokea kutoka pande mbili. Raundi inayofuata inashuka. Endelea kuzungusha, na polepole mawimbi yanatulia: A inabaki na 38.8, B 21.5, na C 39.7.

Ziangalie A na B. Kila moja imepata kiungo kimoja tu. Aliyehesabu viungo peke yake angesema ziko sawa. Lakini A imeelekezwa na C, ukurasa mzito usiomwelekeza mwingine, wakati B imepewa nusu tu ya mgawo wa A. Kwa kiungo kimoja kila moja, A imekaribia kuwa na uzito maradufu wa B. Ndiyo maana nasema wanaoieleza PageRank kuwa ni kuhesabu kura wanampotosha msomaji. Kwenye kura ya kawaida karatasi ya waziri na ya mvuvi ni sawa. Hapa uzito wa kura unategemea nani amekupigia, na uzito wa huyo nao unategemea nani amempigia yeye. Ni duara, na hesabu inalimaliza kwa kuzunguka nalo hadi namba zikome kubadilika.

Ile asilimia 15 ina kazi yake. Brin na Page walimfikiria mtembezi wa mtandao asiye na safari maalumu. Mara 85 kati ya 100 anabofya kiungo chochote kilicho mbele yake. Mara 15 anachoka na kurukia ukurasa wowote ule. Uzito wa ukurasa ni sehemu ya muda ambao mtembezi huyo angeonekana hapo endapo angetembea bila kikomo. Bila kuchoka kwake, kurasa mbili zinazoelekezana zenyewe kwa zenyewe zingegeuka mtego: mtembezi angeingia asitoke, na heshima yote ya mtandao ingeishia humo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haikuelemewa na ukubwa wa mtandao. Kwa ramani ya viungo milioni 322, Page na wenzake waliona namba zinatulia baada ya takriban raundi 52. Kwa nusu ya viungo hivyo, raundi zilikuwa kama 45. Mtandao ukikua maradufu, raundi zinazoongezeka ni saba hivi. Uzito wa kurasa milioni 26 waliukokotoa kwa saa chache kwenye kompyuta ya kawaida ya chuo.

Hawakuwa peke yao. Robin Li alikuwa ametengeneza mfumo wa RankDex mwaka 1996, naye mwaka 2000 akawa mmoja wa waasisi wa injini ya Baidu ya China. Jon Kleinberg, wakati uleule wa Page na Brin, alipendekeza kurasa zipewe alama za aina mbili: zile zinazosifika kwa kilichomo ndani yake, na zile zinazosifika kwa kujua kuelekeza. Binafsi naiona njia ya Kleinberg kuwa karibu zaidi na maisha ya watu, maana mjuzi na mjuaji wa wajuzi ni watu wawili tofauti. Lakini hesabu yake ilifanywa baada ya swali kuulizwa, na ile ya PageRank ilikamilishwa kabla. Kwa injini inayotakiwa kujibu papo hapo, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kiungo kina zawadi ya pili ambayo husahaulika: maneno yake. Mtu anapoelekeza ukurasa wa hospitali huandika juu ya kiungo maneno kama "hospitali ya mkoa", hata kama ukurasa wenyewe una picha tupu. Google waliyahesabu maneno hayo kuwa maelezo ya ukurasa unaoelekezwa. Katika kurasa zao milioni 24 za mwanzo walipata vipande vya maneno hayo zaidi ya milioni 259. Kwa njia hiyo ukurasa uliweza kupatikana kwa maneno ambayo haukuyaandika, wakati mwingine kwa maelezo sahihi kuliko ya mwenyewe. Mlango huohuo ndio walioingilia wahuni. Mwaka 2003 wapinzani wa Rais George W. Bush waliweka viungo kuelekea wasifu wake rasmi, wakaviandika maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtu aliyeshindwa vibaya. Ukitafuta maneno hayo, wasifu wa rais ulikuwa wa kwanza. Januari 2007 ndipo Google walipotangaza kanuni mpya ya kuzima mizaha ya aina hiyo.

Mizaha ilikuwa jambo dogo. Balaa lilikuja na biashara. Desemba 2000 Google walitoa kipande cha programu kinachokaa juu ya kivinjari, na ndani yake palikuwa na mstari wa kijani ulioonyesha PageRank ya kila ukurasa kwa alama kuanzia 0 hadi 10. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi katika historia nzima ya kipimo hiki. Heshima iliyokuwa imefichika ndani ya mashine sasa ilibandikwa hadharani kama bei. Mwenye ukurasa wa alama 7 alijua ana bidhaa. Mwenye alama 2 alijua anachotakiwa kununua. Katikati yao wakajaa madalali.

Mmoja wa madalali hao ni kampuni ya Search King ya Oklahoma, ambayo iliuza nafasi za viungo kwa kufuata alama hizo. Alama zake mwenyewe zilipoporomoka, ilikwenda mahakamani mwaka 2002. Mwaka 2003 mahakama ya shirikisho huko Oklahoma iliitupa kesi kwa hoja inayostahili kukumbukwa: PageRank ni maoni, na maoni yanalindwa na marekebisho ya kwanza ya Katiba ya Marekani. Kwa miaka watu walikuwa wameambiwa kwamba huu ni mpangilio wa hesabu tupu, usio na mkono wa mtu. Mbele ya hakimu ukawa ni maoni ya kampuni. Kauli zote mbili zina ukweli. Hesabu ni hesabu, lakini aliyeamua kiungo kihesabiwe vipi, na kipi kisihesabiwe, ni mtu.

Kuanzia hapo historia ya viungo ni historia ya mbio za paka na panya. Walioshindwa kununua viungo waliwatuma roboti kumwaga maoni ya uongo chini ya makala za watu, kila oni na kiungo chake. Januari 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana juu ya alama ambayo mwenye tovuti angeweza kuibandika kwenye kiungo ili kuiambia mashine isikihesabu kuwa ushahidi. Wikipedia huitumia kwa viungo vyake vya nje. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka la J. C. Penney lilikuwa la kwanza kwa bidhaa nyingi, kuanzia magauni hadi mazulia, likibebwa na maelfu ya viungo vilivyotawanywa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa hizo. Kampuni ilisema haikujua, ikamfukuza wakala wake. Aprili 2012 ikaja kanuni ya Google iliyoitwa Penguin, na tovuti nyingi zilizokuwa zimepandishwa na viungo vya kununua zikaanguka. Wenye tovuti waliolipa ili viungo viwekwe wakaanza kuomba viondolewe, na Oktoba mwaka huohuo Google ikawapa njia rasmi ya kuvikana. Ule mstari wa kijani ulizimwa kabisa mwaka 2016, miaka kumi na mitano na zaidi baada ya kuwashwa.

Watafiti walitafuta dawa pia. Mwaka 2004 Zoltán Gyöngyi, Hector Garcia-Molina na Jan Pedersen walipendekeza hesabu ianzie kwenye kundi dogo la tovuti zilizokaguliwa na watu kwa macho yao, na imani isambae kutoka hapo kupitia viungo, ikipungua kadiri inavyokwenda mbali. Ukurasa ulio mbali sana na watu waaminifu unashukiwa. Tazama jinsi mzunguko ulivyorudi ulikoanzia: mashine iliyoletwa ili tusimtegemee mkaguzi ikamwomba mkaguzi aseme wa kwanza kuaminiwa ni nani.

Tuseme sasa kwamba viungo vyote ni halali na hakuna aliyehongwa. Je, kipimo kinapima ubora? Nadhani hapana, na ni vizuri kulisema waziwazi. Kinapima kujulikana miongoni mwa wanaojulikana. Mwaka 1999 Albert-László Barabási na Réka Albert walionyesha kwamba viungo vya mtandao havikugawanyika kwa usawa hata kidogo: kurasa chache zina viungo vingi mno, na umati mkubwa una vichache au hauna. Walieleza pia sababu. Anayeandika ukurasa mpya huelekeza kwa anaowajua, na anaowajua ni wale wenye viungo tayari. Injini ikiwaweka hao juu, wanajulikana zaidi, na mwandishi anayefuata atawaelekeza haohao. Ukurasa mpya wenye habari bora huanza safari ukiwa na mgawo wake mdogo wa lile kapu la asilimia 15 na basi. Tena mashine haielewi hasira. Ukiweka kiungo kuelekea uongo ili uukanushe, katika hesabu ya asili umeuongezea uongo huo heshima.

Kwa hiyo haishangazi kwamba injini zimeongeza vipimo vingine. Katika kesi ya ukiritimba dhidi ya Google iliyosikilizwa Washington mwaka 2023, Pandu Nayak wa Google alieleza mahakamani kuhusu mfumo unaotumia kumbukumbu za mibofyo ya watafutaji, za miezi 13, kupanga matokeo. Septemba mwaka huohuo mwenzake, Gary Illyes, alisema viungo havimo tena katika vigezo vitatu vya juu. Wapo waliosikia hayo wakatangaza kifo cha kiungo. Siwaungi mkono. Mbofyo unahitaji umati: swali linaloulizwa mara milioni lina mibofyo ya kutosha, lakini swali adimu halina, na ukurasa mpya ambao haujaonekana na mtu hauwezi kubofywa. Isitoshe, roboti za injini huvumbua kurasa hasa kwa kufuata viungo, kutoka mmoja hadi mwingine. Ukurasa usioelekezwa na yeyote ni kama nyumba isiyo na njia. Kiungo kimepunguziwa cheo, lakini barabara bado ni yake.

Hapo ndipo suala linapotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Malalamiko yamezoeleka: unatafuta kwa Kiswahili, unaletewa kurasa za Kiingereza au tafsiri mbovu za mashine. Sehemu ya lawama ni ya wenye injini. Lakini ziangalie tabia zetu. Mazungumzo mengi ya Kiswahili yamehamia WhatsApp, ambako roboti haiingii, na Instagram, ambako anwani iliyoandikwa chini ya picha haibofyeki. Kurasa za mbele za magazeti ya Tanzania husambazwa kila asubuhi kama picha, na picha ya gazeti haina kiungo kuelekea habari yenyewe. Makala nzuri ikitokea, wengi huinakili yote na kuibandika kwao, na aliyejali zaidi huandika tu "chanzo: mtandao". Mwalimu wa Tabora anayeandika maelezo safi ya sarufi anaweza kusomwa na watu elfu ishirini kupitia nakala, na ukurasa wake wa asili ukabaki bila shahidi hata mmoja. Mbele ya mashine, hajasomwa na mtu. Anayemwaga viungo vya kununua, kwa upande mwingine, hachoki.

Tatizo la lugha kubwa lilikuwa ushahidi wa uongo uliozidi. La kwetu ni ushahidi wa kweli usiotolewa. Hilo hakuna kampuni ya California itakayoturekebishia, kwa sababu kiungo kinachofaa ni kile ambacho msomaji wa Kiswahili, aliyesoma na kuridhika, amekiweka mwenyewe. Na kadiri watu wanavyozidi kupata majibu yaliyotungwa na mashine bila kubofya popote, ndivyo inavyozidi kuwa muhimu kwamba maandishi yetu mazuri yaonekane kwa mashine hizo kuwa yana watu wanaoyajua.

Ombi langu ni dogo. Ukiwa na tovuti au blogu, na umechukua hoja, tafsiri ya istilahi au historia ya mji kutoka kwa mwandishi wa Kiswahili, weka kiungo kwenda kwenye ukurasa wake halisi. Juu ya kiungo andika kilichomo, "ngeli za nomino" au "historia ya Kilwa", usiandike "bofya hapa". Mhariri wa gazeti la mtandaoni, usikate viungo vya waandishi wako kwa kuogopa msomaji ataondoka. Mhadhiri, kazi za wanafunzi wako zikienda mtandaoni, ziende na viungo vya marejeo yao. Na leo, kabla hujafunga kompyuta, chagua makala moja ya Kiswahili uliyoipenda mwaka huu, uielekeze.